Cheti cha Kufumuliwa

Nchi ninayoisimulia msiitafute kwenye ramani. Mtapoteza muda wenu bure, na isitoshe serikali yake haipendi kutazamwa na watu wasio na kibali. Inatosha mjue kwamba ina mto upande wa mashariki, na ng'ambo ya mto huo wanakaa majirani, na majirani hao ndio chanzo cha kila kitu tulicho nacho.

Kwetu wivu si tabia mbaya. Ni sera. Tunayo Wizara ya Kutopitwa na Majirani, yenye jengo la ghorofa tano kwa sababu wenzetu walijenga la ghorofa nne. Watumishi wake hukaa kandokando ya mto wakiwa na darubini. Wakiona ng'ambo kumejengwa daraja, nasi tunajenga daraja, hata pale pasipopita maji. Mimi nimezaliwa ndani ya sera hiyo na nimesomeshwa nayo, na sioni haya kusema kwamba mimi ni raia mtiifu. Asubuhi navaa viatu vyangu huku nikiwaza viatu vya wengine.

Basi siku moja darubini ziliona magari mapya yakitoka kwenye jengo refu ng'ambo, na nyuma ya magari wakatoka watu wa ovaroli, wamenawiri, wanacheka. Ripoti ikaandikwa. Ilisema kiwanda kimoja cha magari kinavuta viwanda ishirini vidogo nyuma yake: wenye mashamba ya mpira wanauza mpira, wenye mkonge wanauza mkonge wa kujazia viti, wenye tanuri wanauza vioo, na mama lishe wa getini amejenga nyumba ya tofali. Mheshimiwa Waziri wetu aliposoma habari ya mama lishe hakumaliza chakula chake cha mchana, na taifa zima likaarifiwa redioni kwamba Waziri hakumaliza chakula.

Wataalamu wakaitwa. Wakasema tukijitahidi tutapata gari letu baada ya miaka kumi, kwa sababu kwanza tunahitaji chuma, umeme usiokatika, mafundi na wanunuzi.

"Miaka kumi?" Waziri akauliza. "Ndugu zangu, mnataka tuchekwe miaka kumi mfululizo? Nani aliwaambia gari linaanzia kwenye bati? Gari linaanzia kwenye gari."

Wataalamu wakaandika sentensi hiyo, maana waliona ni ya kihistoria, kisha wakafukuzwa kazi.

*

Kiwanda kikajengwa katika mji wa Kibwera kwa miezi minne. Utaratibu wake ulikuwa rahisi, na mpaka leo naona ulikuwa wa busara kuliko watu wanavyosema. Tulinunua magari mazima kutoka nje. Yakifika Kibwera yanaingia Idara ya Kufumua, ambako tunayafumua mpaka nati ya mwisho. Vipande vinavuka uwanja kwa mkokoteni kwenda Idara ya Kuunda, ambako vinaunganishwa upya. Gari likitoka pale ni letu, limeundwa nchini, na linapigiwa makofi.

Sheria ilipitishwa kwa kauli moja: gari litahesabika limeundwa nchini endapo limeunganishwa nchini, na halitaunganishwa nchini kabla ya kufumuliwa nchini. Kwa hiyo kila gari lilipewa Cheti cha Kufumuliwa. Bila cheti hicho hakuna namba za usajili, na bila namba gari halitoki getini. Cheti hicho nilikuwa natia saini mimi, Shomvi Lukanga, Mkurugenzi wa Kufumua.

Sitaki mdhani kiwanda hakikuwa na faida. Kiliajiri watu mia tatu na kumi na mbili. Kibwera ilipata vinyozi, vyumba vya kupanga na akina mama wa vitumbua. Matatizo yalikuwepo, lakini madogo. Gari lililoingia likiwa zima lilitoka likiwa na mlio. Kila gari lilibakisha nati na bolti ambazo hazikupata pa kuingia, nazo tuliziripoti wizarani kama ziada ya uzalishaji. Wateja hawakuja kwa wingi, maana gari letu lilikuwa ghali mara mbili ya lile lile ambalo halijafumuliwa. Mawaziri walilisifu sana, ila wao walipanda ya nje kwa sababu za kiusalama.

Tatizo langu mimi lilikuwa Hemedi Ngwale.

Ngwale alikuwa Mkurugenzi wa Kuunda. Kila gari likitoka, Ngwale anasimama mbele yake na kofia ngumu nyeupe, anapigwa picha, anakata utepe. Mimi nilipewa kofia ya kijivu. Hakuna kiongozi aliyewahi kukata utepe mbele ya gari lililofumuliwa. Hakuna mtoto wa shule aliyewahi kuimba wimbo wa spana. Picha ya Ngwale ilikuwa ukutani kwa kinyozi wangu, na nikiwa nanyolewa ilinitazama. Nilimwonea Ngwale wivu mpaka nywele zikaanza kunitoka, na kwa sababu hiyo nikaacha kwenda kwa kinyozi, jambo ambalo angalau lilinipunguzia kumwona.

*

Katika idara yangu alikuwepo fundi mchundo daraja la tatu, mwanamke wa miaka thelathini na nne, jina lake Mwajabu Kilindo. Baba yake alikuwa mhunzi. Alikuwa na dosari moja tu kazini: akifungua kipande alikigeuza, akakitazama, akauliza kinafanya kazi gani.

Nilimwonya mara mbili kwa maandishi. Idara ya Kufumua haihitaji kujua kipande kinafanya kazi gani, inahitaji kujua kinakwenda kwenye beseni gani. Nati beseni la kwanza, bolti la pili, vya mviringo la tatu, vingine vyote la nne. Yeye akaendelea kuuliza kwa miaka sita. Wenzake walipokuwa wanakunywa chai, yeye alichora.

Siku moja akaja ofisini kwangu, akabisha hodi, akasimama mlangoni akiwa na bahasha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna nini tena, Mwajabu?"

"Nimeunda gari, mzee."

Nikamwambia kuunda ni idara ya pili, avuke uwanja. Akasema hapana, hakuliunda kiwandani. Aliliunda nyuma ya soko, katika ua aliopanga, yeye na wanawake saba pamoja na wahunzi wawili wa ukoo wao. Injini ilitoka kwenye mashine ya kusaga iliyokufa, wakaifufua. Bodi waliigonga kwa mkono. Viti alishona fundi cherehani wa mtaa wa pili, akavijaza mkonge.

"Na linatembea?" nikauliza, nikitumaini.

"Linatembea, mzee. Linabeba magunia kumi ya mpunga. Chama cha ushirika cha wakulima wamelijaribu wiki nzima. Wanataka arobaini, ila lazima la kwanza liwe na namba kabla ya mavuno. Wasipolipata wataagiza ng'ambo."

Akaniwekea bahasha mezani. Ndani kulikuwa na barua ya ushirika yenye mihuri mitatu na majina ya watu ishirini na sita ambao wangepata kazi katika ua ule. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua, wakati kiwanda kipo.

"Kiwanda hiki siku ya kunyimwa magari ya kufumua kitakuwa ghala, mzee," akasema kwa upole. "Sisi hatujui kutengeneza hata bawaba. Ushuru wa bati ninalonunua mimi ni mkubwa kuliko ushuru wa gari zima mnaloleta ninyi. Umeme ukikatika nyie mna jenereta, mimi nakaa gizani na mteja. Na bado gari langu ni rahisi kuliko lenu. Naomba tu cheti."

Nikaenda kuliona. Lilikuwa na rangi ya bati tupu, na sura yake haikufanana na gari lolote nililowahi kulifumua. Mwajabu akanipandisha mlima wa Kibwera, mlima ambao magari yetu hupandishwa kwa kusukumwa na Idara ya Ulinzi. Gari lake likapanda likinguruma kwa raha zake, na kule juu akazima injini ili nisikie ndege. Mlango ulifungwa kwa kidole kimoja. Nikaufungua, nikaufunga tena, mara nne.

Nawaambia ukweli, roho iliniuma. Wivu niliokuwa nao kwa Ngwale ulikuwa wa kikazi, wa kofia. Huu ulikuwa mwingine. Nilikuwa nimefumua magari elfu mbili na sijui hata moja linafanyaje kazi, na huyu alikuwa amesimama pembeni yangu na beseni lile lile.

*

Jioni ile, kabla jua halijazama, nikavuka uwanja kwenda kwa Ngwale kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Tukakaa. Nikamweleza.

"Linapanda mlima?" akauliza.

"Linapanda."

"Halisukumwi?"

"Halisukumwi, bwana."

Ngwale akavua kofia yake nyeupe, akaiweka magotini. Nikaona naye nywele zimemtoka. Tukawa marafiki palepale.

Kesho yake tukamwita Mwajabu. Nikamweleza kwamba gari ni zuri ila lina kasoro ya kisheria: haliwezi kupewa Cheti cha Kufumuliwa kwa kuwa halijafumuliwa.

"Mzee, lifumuliwe vipi?" akasema. "Halikuwepo kabla sijaliunda."

"Hiyo ndiyo kasoro yenyewe," akasema Ngwale.

Jambo likapanda hadi kwa Waziri. Alikuja mwenyewe na msafara wa magari kumi na mawili, yote ya nje. Akalizunguka gari la Mwajabu mara tatu, akainama, akachungulia chini.

"Hili wameiga kwa nani?" akauliza.

"Hatukuiga, Mheshimiwa," Mwajabu akajibu. "Tumelifikiria."

Waziri akanyanyuka polepole. "Hapo mama unaniweka pabaya. Wizara yangu ni ya kutopitwa. Kama jirani hana gari hili, mimi nimempita. Nikimpita, nitamtazama wapi? Darubini zote zinaelekea mashariki. Watumishi mia tisa nitawaambia wageuke wapi?"

Hata hivyo Waziri alikuwa mtu wa haki, na barua ya ushirika ilikuwa na mihuri mitatu. Akaamua hivi: gari la Mwajabu lipelekwe uwanja wa michezo Siku ya Taifa, lifumuliwe mbele ya Mtukufu Rais na Idara ya Kufumua, liunganishwe na Idara ya Kuunda, kisha Mtukufu alipande na kulipatia namba kwa mkono wake. Na kwa kuwa ni mara ya kwanza wananchi kuona kazi zote mbili, utepe ukatwe mara mbili.

Mara mbili. Nilielewa maana yake kabla hajamaliza kusema. Nilipewa kofia nyeupe siku hiyohiyo.

Mwajabu aliomba aliunganishe mwenyewe. Ngwale akakataa, maana Mwajabu ni mtumishi wa Kufumua, na akiunganisha angekuwa anavuka idara. Basi akanifuata mimi ofisini, akafunga mlango.

"Mzee wangu, nakuomba jambo moja. Vipande vyangu havilingani. Kila nati niliichonga na bolti yake. Bawaba ya kulia haiingii kushoto. Niruhusu niviwekee alama za chaki kabla hamjafumua. Chaki tu. Bwana Ngwale akifuata alama, hata mtoto ataliunganisha."

Alikuwa ameshika kipande cha chaki mkononi tayari. Vidole vyake vilikuwa na makovu ya kuchomelea, na nilijikuta nayaonea wivu hata makovu.

Ningeweza kusema sawa. Lilikuwa neno moja, na hakuna mtu aliyekuwa anatusikiliza. Nikasema chaki haimo katika Kanuni za Kufumua. Nikaifungua kanuni nikamwonyesha ukurasa, ingawa sote wawili tulijua kwamba kanuni hizo nimeziandika mimi.

Akanitazama kidogo. "Haya, mzee," akasema, akatoka.

*

Siku ya Taifa ilikuwa nzuri ajabu. Watoto wa shule waliimba wimbo wa spana, beti sita. Mtukufu Rais akakata utepe wa kwanza, nami nikiwa pembeni yake, kofia inang'aa. Idara yangu ikalifumua gari kwa dakika kumi na tisa, rekodi ya taifa. Nati zote beseni la kwanza, bolti beseni la pili. Mabeseni yakatikiswa mbele ya jukwaa ili wananchi wasikie mlio wa viwanda. Mtangazaji wa redio akasema taifa letu sasa linafumua kwa kasi kuliko nchi yoyote katika ukanda huu.

Mwajabu alikuwa ameketi mstari wa tatu na wanawake wake saba, na nyuma yao viongozi wa ushirika wa wakulima waliovaa suti. Hakupiga makofi wala hakununa. Alikuwa anafuata kwa macho kila kipande kilikoangukia.

Kisha ikaja zamu ya Ngwale. Alikuwa na mwongozo wa kuunganishia, ila ulikuwa wa gari la nje, kurasa mia nne, na katika ukurasa wa kwanza walikwama. Saa tatu zilipita. Mtukufu alipewa maji, akapewa maji tena. Mwishowe Ngwale akasimama kando ya kitu fulani, akapiga saluti. Lilikuwa na magurudumu manne, hilo sipingi. Mabeseni mawili yalikuwa bado yamejaa, na Waziri akaelekeza mara moja yahesabiwe kama ziada ya uzalishaji.

Mtukufu akakata utepe wa pili, akapanda. Alipovuta mlango, ukamjia magotini. Akawasha. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Wanajeshi kumi na wanne wakatumwa kusukuma, na mtangazaji akaarifu kwamba gari la taifa linatembea kwa nguvu ya umma. Lilikwenda hivyo hadi katikati ya uwanja, usukani ukachomoka, likasimama.

Mtukufu akashuka akiwa na usukani mkononi.

"Nani aliyeunda hili?" akauliza.

Mimi na Ngwale, ambao kwa miaka sita tuligombania kusimama mbele, tulirudi nyuma hatua mbili kwa pamoja. Waziri akanyoosha kidole mstari wa tatu.

Mwajabu akasimama. Hakuna kipaza sauti kilichompokea, lakini sote tulimsikia.

"Mtukufu, nililounda mimi lilikuja hapa likitembea lenyewe."

Itifaki haikuwa na maelekezo kwa sentensi ya namna hiyo, kwa hiyo bendi ikapiga wimbo wa taifa.

Cheti alipata. Sisi si watu wa kudhulumu. Nilikitia saini mwenyewe na kumpelekea hadi kwenye ua wake, Cheti cha Kufumuliwa namba elfu mbili na moja, pamoja na gari lake, likiwa limerudishwa ndani ya mabeseni manne. Gari lilikuwa limetimiza masharti yote ya kisheria. Alikipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akasema ahsante. Wiki hiyo ushirika wakaagiza magari ng'ambo. Wiki iliyofuata ua ulikuwa mtupu, na wanawake wote wanane hawakuonekana tena Kibwera.

*

Mwaka ukapita. Waliokuwa wakituuzia magari mazima wakachoka kulipwa ahadi, wakaacha kuleta. Idara ya Kufumua ikakosa cha kufumua, na Ngwale akakosa cha kuunda. Akina mama wa vitumbua ndio waliohama wa kwanza, na walipohama wao nilijua mambo yamekwisha.

Ndipo darubini zikaona ng'ambo gari jipya, dogo, la rangi ya bati, likipanda kilima na magunia. Ripoti ikasema limeundwa kutoka kipande cha kwanza hadi cha mwisho kulekule, na kwamba mkuu wa karakana ni mwanamke. Waziri hakumaliza chakula cha mchana wala cha jioni. Akatoa agizo: kabla ya Siku ya Taifa ijayo nchi iwe na mwanamke wa namna hiyo. Ikaundwa kamati ya kumtafuta, na kwa uzoefu wangu nikateuliwa mwenyekiti. Tulitangaza nafasi magazetini, tukaweka sifa zote, hata makovu ya vidoleni. Hakuja mtu.

Basi kamati ikatumwa ng'ambo kujifunza. Kwenye geti la kiwanda, akiwa na ovaroli na kalamu sikioni, alitupokea Mwajabu Kilindo.

"Shikamoo, mzee."

Sauti ilikuwa ileile. Nikatafuta dharau ndani yake ili nami nipate pa kushika, sikuiona. Akaniuliza habari za nyumbani, habari za Kibwera, habari za bwana Ngwale. Akatutembeza. Niliwaona wale wanawake saba, kila mmoja na mafundi wake. Niliona watu wengi kuliko ishirini na sita, wengi zaidi, wakila chakula cha mchana wakizungumza kwa lafudhi ya kwetu. Kila kipande mezani kilikuwa na alama ya chaki.

Mwishoni akafungua mlango wa gari lililotoka siku ileile. "Panda, mzee, nikuzungushe kidogo."

Nikapanda. Nikafunga mlango kwa kidole kimoja. Gari likaondoka, likashika kilima chao, na kiti cha mkonge kikanipokea mgongo. Nilimwangalia alivyoshika usukani, na wivu ukanipanda, si wa nchi na nchi, wangu mwenyewe. Nilitaka niwe yeye. Nikikosa hilo, nilitaka niwe mtu aliyesema sawa siku ile, chaki tu, hakuna neno. Machozi yakanitoka mbele yake, mimi mtu mzima, mwenyekiti wa kamati.

Mwajabu akapunguza mwendo. Hakugeuka kunitazama. Akashusha kioo cha upande wangu.

"Ni moshi huo, mzee wangu," akasema. "Utapita."

Nikasema ndiyo, ni moshi. Gari lilikuwa jipya, halitoi moshi hata kidogo, na sote wawili tulijua.